Kinywa Kilichofungwa na Kovu

Hapa Miyuji, na Ugogo mzima, mtu hula ugali wa uwele kwa tonge, na tonge huchovywa katika mlenda. Basi fikirini hali ya mtu ambaye kinywa chake hakipitishi tonge, ila uji tu.

Dawa ni rafiki yetu. Lakini mara chache sana mwili huikataa dawa kwa ukali. Zijulikanazo kwa jambo hili ni dawa za salfa na baadhi ya dawa za kifafa. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliandika habari za watoto wawili waliougua hivi, na ugonjwa ukaitwa kwa majina yao. Hata Nairobi, habari zilizotangazwa mwaka 1991 zilionyesha kuwa dawa ya kifua kikuu iitwayo thiasetazoni iliwadhuru hivyo wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI.

Kwanza huja homa, macho mekundu na vidonda vya kinywani. Kisha ngozi hubanduka kama iliyoungua. Vidonda vikipona, midomo huweza kushikamana pembeni, na kovu hujikaza kama ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoachwa juani.

Daktari wa upasuaji hutazama mboni ya jicho, akashusha mstari mpaka mdomoni, apate kujua pembe ya kinywa yapasa kuwa wapi. Hulikata kovu mpaka hapo. Lakini kukata tu hakutoshi, maana nyama mbichi zikikabiliana hushikana tena. Kwa hiyo huivuta ngozi laini ya ndani ya shavu na kuishona nje, iwe pindo la pembe mpya, kama fundi cherehani apindavyo ukingo wa nguo usifumuke.

Kazi haikuishia hapo. Kovu hutaka kurudi. Basi mgonjwa huvaa kifaa cha kutanua kinywa kwa miezi kadhaa, na kila siku hujizoeza kufumbua kinywa. Asiyevumilia, kinywa huweza kumfunga tena.

Basi, ukianza dawa ukapata homa, vidonda vya kinywani na malengelenge, usimeze tena kabla ya kuonana na daktari. Nenda hospitali siku ile ile, nawe umechukua pakiti ya dawa. Jina lake liandikwe katika cheti chako, na kila mganga uonyeshe, usije ukapewa tena maisha yako yote.