Mashine imeondoka, umeme umebaki ukutani

Katika miji midogo na vijiji vya Tanzania Bara, si ajabu kukuta jengo lililokuwa la mashine ya kusaga likigeuzwa ghala au duka. Mashine huuzwa, lakini nyaya zake huachwa zikining'inia ukutani, ncha zimefungwa nailoni.

Kwa macho nyaya hizo zimekufa, kumbe zinaweza kuwa na umeme hadi nchani. Mashine nyingi za kusaga hutumia umeme wa njia tatu, wenye volti 400 kati ya njia na njia, na volti 230 kati ya njia moja na ardhi. Kiasi hicho kinaua. Panya wakitafuna ganda la waya, cheche moja inatosha kuwasha magunia makavu, na mavuno ya msimu mzima yakateketea kwa usiku mmoja.

Wapo wanaojiona salama kwa sababu uniti za LUKU zimekwisha. Hilo ni kosa. Mtu akiingiza uniti mpya, umeme hurudi papo hapo, hata kama fundi bado ameshika waya.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli. Pili, fundi apime waya kwa kipimo alichokwisha kukijaribu penye umeme, kisha akijaribu tena ili kuhakikisha ni kizima. Tatu, njia isiyotumika ikatwe kwenye bodi ya swichi inakoanzia, si kwenye ncha ya ukutani tu. Nne, nyaya ziondolewe kabisa. Zikihitajika baadaye, ncha zote mbili zifungwe kwa konekta ndani ya boksi lenye kifuniko na kuandikwa lebo. Waya wa ardhi unaohudumia njia nyingine usikatwe.

Kazi hii si ya mwenye duka. Ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita na nyaya zinazotoka nguzoni ni za TANESCO, hivyo zisiguswe na mtu mwingine.

Anayetaka kupanga au kununua jengo la aina hiyo aulize kabla ya kulipa: waya huu unatoka wapi, na unalisha nini? Ujira wa fundi hulipwa mara moja. Ghala likiungua, mtaji wote huondoka. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa rahisi ni ghali.