Motokaa Kuukuu na Mteremko wa Kanama

Motokaa ya kwanza ya kijana aliyemaliza masomo akapata kazi, mara nyingi si mpya. Huwa ni gari dogo la milango minne, kama Toyota Corolla au Carina E, ambalo limekwisha tumika miaka mingi Ulaya, au limepitia mikononi mwa mabwana wawili watatu papa hapa kabla ya kumfikia mwenyewe. Mwezi haujaisha, utamsikia akilalamika kwamba linakunywa petroli kupita kiasi. Hapo kila mtu humpa shauri lake. Na shauri linalosikika sana kwa waendeshao barabara ya kutoka Ruhengeri (siku hizi Musanze) kwenda Gisenyi ni hili: ukifika kwenye mteremko wa kushukia Kanama, toa gia, liache gari literemke lenyewe, nawe utakuwa umeokoa petroli.

Wako hata wanaozima injini kabisa. Nimeona yafaa tulipime shauri hili kwa hesabu ya darasani kabla ya kulifuata, maana wanaolifuata wanapita Mahoko, na Mahoko ni sokoni, watu wanavuka barabara na mizigo kichwani.

Kwanza lazima tujue gari linakula kiasi gani, kwa maana wengi wanaolalamika hawajapima. Jaza tangi mpaka juu, uandike kilometa zinazosomwa kwenye saa ya gari. Endesha siku zako kama kawaida. Kisha jaza tena mpaka pale pale, kwenye pampu ile ile ikiwezekana, utazame umetia lita ngapi. Ikiwa umekwenda kilometa 420 na tangi limepokea lita 35, basi gari lako linakwenda kilometa 12 kwa lita moja. Fanya hivyo mara tatu na kuandika daftarini, kwani mara moja haitoshi. Mtu asiye na daftari hili hawezi kujua kama fundi amemsaidia au amemla pesa zake bure.

Sasa tazama mlima wenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na barabara itokayo Gisenyi hupanda kupitia Nyundo na Kanama mpaka nyanda za Bigogwe na Mukamira, zilizo zaidi ya mita 2,300. Tuseme gari pamoja na watu ni kilo 1,300, nalo linapanda mita 800. Mwanafunzi wa fizikia atazidisha uzito, mvuto wa dunia na kimo, apate karibu jouli milioni 10. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 32, lakini injini ya namna hii hugeuza kama robo tu kuwa kazi. Zilizobaki hutokea kwenye rejeta na bomba la moshi. Kwa hiyo kupanda peke yake, mbali na mwendo wa kawaida, hula petroli kama lita moja na robo. Na kila kilo 100 unazoongeza, yaani gunia moja la viazi, huongeza kama sehemu moja ya kumi ya lita kwa kila upandaji. Rwanda haichimbi mafuta. Petroli yetu husafiri kwa malori kutoka Dar es Salaam au Mombasa, na kutoka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 1,400 kabla ya kufika Kigali, kisha bado haijafika Gisenyi. Si ajabu mtu akitaka kuirudisha lita ile moja na robo wakati wa kushuka.

Lakini hairudi kwa kutoa gia. Injini za Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye kupuliziwa petroli kwa nozeli huongozwa na kompyuta ndogo. Ukiteremka ukiwa ndani ya gia, na mguu umeuondoa kabisa kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta ikiona hivyo hufunga nozeli. Petroli haingii hata tone, mpaka injini ipunguze mzunguko karibu na ule wa gari lililosimama. Ukitoa gia, injini inakosa wa kuizungusha. Lazima ijizungushe kwa petroli yake, kama lita moja kwa saa au pungufu kidogo. Kwa mteremko wa dakika 20 utakuwa umetumia robo lita hivi, wakati mwenzako aliye ndani ya gia hakutumia karibu kitu.

Mjuzi atabisha kwamba gari lililotolewa gia huviringika mbali zaidi. Ni kweli, na kwenye mteremko mdogo ulionyooka pengine atapata faida kidogo. Lakini mteremko wetu si mdogo wala haujanyooka. Hapa mtu aliyetoa gia hukanyaga breki kila kona, na kila akanyagapo anatupa ule mwendo aliotaka kuuokoa. Magari ya kale yenye kabureta hayakuwa na kompyuta ya kufunga petroli, nayo ndiyo yaliyozaa desturi hii; madereva wakawarithisha vijana, vijana wakaipeleka kwenye magari mengine kabisa.

Je, zile jouli milioni 10 zinakwenda wapi? Hazipotei. Sehemu moja huchukuliwa na upepo, lakini nyingine, ikiwa injini haikuzuia, lazima imezwe na breki na kugeuka moto. Joto hilo lote lingetosha kuchemsha lita 30 za maji baridi, na chuma cha kulipokea ni diski mbili za mbele na breki za nyuma. Breki zikipata moto hivyo huanza kunuka, kisha pedi hupoteza mshiko. Hapo tena mafuta ya breki huleta balaa la pili. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205, lakini yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka, mvuke huingia bombani, na mvuke hubanika. Mguu unazama mpaka sakafuni na gari halisimami. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama gari limekwenda kidogo. Sijui kitu kingine chenye bei ndogo namna hii ambacho wenye magari makuukuu hukisahau namna hii.

Aliyezima injini yuko katika hatari iliyo kubwa zaidi. Kisaidizi cha breki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa utokao kwenye injini. Ikizimwa kinabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye pampu nao unakuwa mzito. Akichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa. Mbele yake kuna baiskeli iliyopakia magunia, nayo inateremka pia, na mwenye baiskeli anabana gurudumu kwa soli ya kiatu.

Basi kabla ya kuanza kushuka, punguza mwendo na utie gia ile ambayo ungeitumia kupanda pale pale, ya tatu au ya pili. Gari lenye gia za kujibadilisha lina alama ya 2 au L kwa kazi hiyo. Breki itumike kwa kukanyaga imara kidogo, kisha kuachia ipoe.

Tukiisha kuuacha mteremko, petroli inayopotea hasa hupotea kwa utunzaji. Ugonjwa mmoja nitauelezea kwa urefu kwa sababu ni wa kwetu, nao huletwa na fundi mwenyewe. Gari likichemsha mlimani, mafundi wengi hutoa themostati na kuitupa. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la digrii 80 na kitu. Ikitolewa, maji huzunguka tangu mwanzo na injini hukaa baridi, hasa asubuhi ya Mukamira yenye ukungu. Kompyuta ikipata habari kwamba injini ni baridi, huamuru petroli zaidi, kama mama anayeongeza kuni kwa kuwa chungu hakichemki. Itaendelea hivyo mwaka mzima. Oili nayo hubaki nzito, na petroli isiyoungua huteremka pembeni mwa pistoni na kuiharibu. Mwenye gari amepona kuchemsha, akapata ugonjwa wa kunywa.

Dawa ilikuwa kutafuta kwa nini lilichemsha. Mara nyingi ni kifuniko cha rejeta. Katika mita 2,300 maji ya wazi huchemka kwenye digrii 92 tu, si 100 kama vitabu vya pwani vinavyosema. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke mpaka yapite 110; mpira wake ukichakaa, gari litachemsha Bigogwe hata kama Gisenyi lilikuwa zima. Nunua kifuniko, rudisha themostati, tia maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Wala usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Ugonjwa wa pili ni breki inayoshika bila kukanyagwa. Baada ya safari fupi karibia kila gurudumu kwa mkono bila kuligusa. Lililo na joto kuliko wenzake linakokota. Inua kwa jeki, toa gia, zungusha kwa mkono. Gurudumu la kuzunguka kwa shida hula petroli mchana kutwa na pedi zake pia.

Matairi hayana maneno mengi. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni mwa dereva, huwa karibu na bari 2.2, nacho hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Plagi zitolewe na kutazamwa: rangi ya udongo wa kahawia ni afya, masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Chujio la hewa lililoziba hupunguza nguvu ya gari, ingawa kwenye injini za nozeli halizidishi petroli kama watu wasemavyo. Hatari yake ni likitoboka, kwa kuwa vumbi la volkano la nchi hii husaga pistoni kama msasa. Na petroli yenyewe inunuliwe kwenye kituo. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya mashariki ya Kongo, wauzao petroli kando ya barabara kwa chupa na madumu huitwa Kadhafi. Bei yao pengine ni nafuu, lakini maji au mafuta ya taa yakiwamo, nozeli ndizo zitakazolipa.

Kwa wale wanafunzi wa zamani ambao bado wanatafuta gari la kununua: nendeni kulitazama asubuhi kabla halijawashwa, maana muuzaji mwerevu huipasha injini moto mapema. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ni baridi, mwombe aliwashe, kisha kaa utazame kipimo cha joto. Injini iliyo nzima, ikiwa imesimama pale pale au imezungushwa mtaa kidogo, mshale wake hupanda karibu na katikati baada ya dakika kumi hivi na kutulia hapo. Mshale ukibaki chini hata baada ya kupanda mlima, themostati haimo, au imekwama wazi. Na bei ipunguzwe kwa kiasi cha themostati, kifuniko, na mafuta mapya ya breki.