Moshi wa gongo, moshi wa wiski: Tofauti iko wapi, na ulimi unaweza kukuambia nini?

Ukiwa Kasulu ukamwambia mtu kwamba umeletewa "pombe ya moshi", kuna mawili: atacheka, au atageuka kuangalia kama kuna polisi karibu. Pombe ya moshi kwa Mtanzania ni gongo, na gongo ni kesi.

Lakini huko Scotland kuna watu wanalipa hela ndefu kwa chupa ambayo sifa yake kubwa ni moshi. Siyo moshi wa jina tu. Ni moshi wenyewe, ule wa kuni na jiko, unaoupata puani kabla hujaonja. Na siku hizi zinazosifiwa siyo za zamani peke yake. Hata wiski changa, za miaka mitano hivi, zina mashabiki wake.

Sasa swali: huu moshi na ule moshi vinahusiana? Na mtu akikuwekea glasi tatu mezani, unazitofautishaje? Twende taratibu, maana kuna sehemu hapa inaweza kuokoa macho ya mtu.

Gongo inaitwa moshi kwa sababu gani?

Tuanze na jina. Gongo hutengenezwa kwa kuchukua pombe iliyokwisha kuchachuka, kuichemsha kwenye pipa, kisha kuukinga mvuke wake kwa bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke ukipoa unadondoka tone kwa tone, kioevu cheupe kama maji. Mvuke ule ndio "moshi".

Jina hilo limeingia mpaka kwenye sheria. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria maalumu ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, na neno lililotumika humo ni hilohilo, moshi. Kuitengeneza bila leseni ni kosa.

Kwa hiyo gongo ina jina la moshi, lakini kwenye ladha yake moshi siyo lazima uwepo. Hapo ndipo watu wengi wanachanganya.

Moshi wa kweli uko kwenye pombe ya ndizi

Anayetaka kuelewa ladha ya moshi hana haja ya kwenda Scotland. Aanze na pombe ya ndizi.

Katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, kuanzia Kagera, Burundi, Rwanda mpaka milima ya Buha, ndizi za pombe huivishwa kwa joto. Njia moja ni kuchimba shimo, kulitandika majani ya mgomba, kupanga ndizi, kufunika kwa udongo na kupitishia moto na moshi. Nyingine ni kuziweka kwenye dari juu ya jiko, zikae na moshi wa kuni kwa siku kadhaa.

Zikiiva zinamenywa na kukandwa kwa nyasi mpaka juisi itoke. Juisi inachujwa, inaongezwa maji, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha inafunikwa kwenye mtumbwi wa mti au pipa. Chachu iliyomo kwenye mtama na kwenye chombo inakula sukari na kuigeuza kilevi. Kwa siku moja hadi tatu pombe iko tayari. Warundi huiita urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, Wahaya rubisi.

Onja vizuri utapata vitu vinne: ndizi mbivu, mtama wa kukaanga, uchachu, na nyuma kabisa, moshi. Huo ndio moshi tunaouzungumzia.

Scotland wanafanya nini?

Wiski ya aina hii huanza na kimea. Anayejua kupika pombe ya mtama anakijua kimea: nafaka inalowekwa, inaachwa iote, halafu inakaushwa ili isiendelee kuota. Tofauti ni kwamba wao wanatumia shayiri.

Kwenye kuikausha ndipo moshi unapoingia. Kisiwa cha Islay, upande wa magharibi wa Scotland, miti yake ni michache. Kwa karne nyingi watu wake wamekuwa wakichimba udongo mweusi wa kinamasi, ule uliotokana na majani na nyasi zilizolundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza zikaisha. Ukikauka unawaka kama kuni, na moshi wake ni mzito.

Usidhani ni kitu cha Wazungu peke yao. Hapo Burundi udongo huo unachimbwa kama nishati, na kuna shirika la umma la kazi hiyo, ONATOUR. Wanyarwanda huuita nyiramugengeri, na wamewahi kuuchoma kuzalisha umeme katika mitambo ya Gishoma na Gisagara.

Kimea kikipitishiwa moshi huo kinanasa kemikali zinazoitwa fenoli. Ndizo zinazoleta harufu ya jiko, majivu, lami, hata ya dawa ya kusafishia kidonda. Viwanda hupima fenoli kwenye kimea kwa sehemu kwa milioni. Cha Lagavulin kinatajwa kuwa kama 35, cha Ardbeg 50 na zaidi kidogo, na wiski iitwayo Octomore inaanzia juu ya 80. Ila namba hizo ni za kimea. Kwenye chupa fenoli zinakuwa pungufu sana, kwa sababu nyingi hupotea njiani.

Baada ya hapo kimea kinasagwa, kinachachushwa, na pombe yake inapikwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Kinachodondoka ni cheupe kama maji na kina kilevi cha karibu asilimia 70. Kumbe mpaka hapo, kwa macho, wiski na gongo ni ndugu!

Na ile wiski wanayoiita ya kimea kimoja? Maana yake ni kwamba imetokana na kimea cha shayiri peke yake na imepikwa katika kiwanda kimoja.

Changa ni ya miaka mingapi?

Pombe ya ndizi ikifika siku ya tano, kwa wengi imeshazeeka. Imeanza kuwa siki. Gongo inauzwa siku ileile iliyopikwa.

Wiski ya Scotland ina sharti. Kisheria haiwi wiski mpaka ikae kwenye pipa la mti wa mwaloni kwa angalau miaka 3, na ikiingia kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40 ya kilevi. Zile zinazojulikana zaidi dukani hukaa miaka 10 au 12 na kuendelea. Kwa hiyo "changa" kwenye lugha ya wiski ni kama miaka 3 hadi 8.

Pipa linafanya kazi tatu. Linatoa rangi na utamu wa mti. Linapunguza ukali. Na kadiri miaka inavyokwenda, moshi nao unalainika.

Hiyo ya tatu ndiyo siri ya wiski changa. Mwenye kupenda moshi anautaka ukiwa bado mkali. Kiwanda cha Kilchoman kule Islay kilianza mwaka 2005 na kikatoa wiski yake ya kwanza mwaka 2009, ikiwa na miaka 3 tu. Ardbeg nao mwaka 2020 walitoa Wee Beastie ya miaka 5, na umri huo wakauandika kwenye chupa bila aibu.

Unalinganishaje?

Tuseme kaka karudi kutoka safari na chupa tatu: Kilchoman Machir Bay, Ardbeg Wee Beastie na Laphroaig ya miaka 10. Mbili za kwanza ni changa, ya tatu ni ya kupimia.

Kwanza, glasi ziwe za aina moja na kiasi kiwe sawa. Kidogo tu, kama kifuniko kimoja cha chupa ya soda au viwili. Hii ni kuonja, siyo kunywa.

Pili, nusa kabla ya kuonja. Weka pua juu ya glasi huku mdomo ukiwa wazi kidogo, ili kilevi kisikuchome. Jiulize: huu ni moshi wa nini? Kuni? Majivu? Nyama choma? Hospitali? Laphroaig inajulikana kwa hiyo harufu ya dawa, na wapo wanaoichukia kwa sababu hiyohiyo.

Tatu, onja kidogo ikae ulimini. Kwenye wiski changa tafuta mambo matatu: utamu wa nafaka unaokaribia uji, ukali unaopanda puani, na moshi unaokuja mbele kabisa. Kwenye iliyokaa zaidi, moshi unakuja umeshikana na utamu wa mti.

Nne, tia matone machache ya maji safi, rudia. Ukali utapungua na harufu nyingine zitafunguka.

Tano, ngojea mwisho. Ukishameza, moshi unabaki kwa muda gani? Wiski nzuri changa haikuachi na moto wa koo peke yake.

Mpangilio una maana pia. Anza na yenye moshi mdogo, malizia na yenye moshi mkubwa, la sivyo ulimi unakufa ganzi mapema.

Njia hiyohiyo inafanya kazi kwenye pombe ya ndizi. Chukua ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu kutoka chombo kimoja. Ya kwanza ni tamu na moshi wake unausikia. Ya pili imekolea. Ya tatu uchachu umetawala na moshi umejificha. Mama anayeipika hana haja ya kuambiwa hayo. Anajua siku ya kuuza kwa kunusa tu.

Kitu ambacho ulimi hauwezi kuonja

Hapa ndipo pa kuwa makini.

Ulimi unaweza kukuambia moshi, utamu, umri na uchachu. Hauwezi kukuambia kama kuna methanoli. Methanoli ni ndugu wa kilevi cha kawaida, ina harufu na ladha inayokaribiana nacho, na inaua.

Inaingiaje? Matunda yakichachuka hutoa methanoli kidogo, na ndizi nazo zimo. Kwenye pombe ya ndizi ya kawaida ni kiasi kidogo. Kwenye kupika, methanoli huchemka kwenye nyuzi 65, wakati kilevi cha kawaida huchemka kwenye nyuzi 78. Viwandani matone ya mwanzo na ya mwisho hutengwa, na kinachobaki hupimwa maabara. Kwenye pipa la porini hakuna wa kupima.

Lakini vifo vya watu wengi kwa mpigo mara nyingi husababishwa na kitu kibaya zaidi: mtu kuongeza kemikali ya viwandani ili pombe iwe kali na ipate faida haraka. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli, na wengine wakapoteza macho. Aprili 2010, kusini magharibi mwa Uganda, eneo la Kabale likiwemo, makumi ya watu walikufa kwa waragi ya aina hiyo. Waliokunywa hawakuonja tofauti.

Ile mbinu ya kuiwasha kiberiti uone moto wa bluu nayo siyo kipimo. Kilevi safi kinawaka bluu, na chenye sumu kinawaka bluu vilevile.

Chupa nayo si ushahidi. Chupa tupu ya wiski maarufu inajazwa upya na mtu yeyote. Kama kifuniko kimeshafunguliwa, stempu ya kodi haipo au bei ni ya kushangaza, iache hapohapo.

Dalili za kuwahi hospitali

Methanoli haimwangushi mtu saa ileile. Mara nyingi dalili huja baada ya saa 12 mpaka 24, wakati watu wanadhani ni uchovu wa pombe tu: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, na macho kuona ukungu au weupe kama theluji.

Macho yakianza kuona ukungu baada ya pombe, hiyo siyo hangover ya kulala nayo. Mpeleke hospitali sasa hivi, na useme alikunywa nini hata kama ni gongo. Ipo tiba, lakini inafanya kazi vizuri akiwahi. Kuficha kwa kuogopa kesi ndiko kunakopofusha watu.

Kwa hiyo?

Moshi wa wiski ni ladha inayotoka kwenye kimea. Moshi wa gongo ni jina la mvuke. Na moshi wa pombe ya ndizi ni wa jikoni kwetu, mkongwe kuliko chupa nyingi za dukani.

Umri wa kisheria wa kununua pombe Tanzania ni miaka 18, na pombe ya aina yoyote ina madhara yake kwa afya. Anayeamua kuonja, aonje kidogo, ajue imetoka kwa nani, na asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.