Wewe ni Mtu Mzima na Bado Unaogopa Giza? Msaada Upo

Stima zikipotea usiku, wengi wetu hutafuta tochi na kuendelea na shughuli. Lakini kuna mkazi ambaye moyo humwenda mbio na jasho likamtoka. Hulala na taa ikiwaka, hubana mkojo hadi alfajiri, au humwamsha mtoto wake amsindikize chooni. Kwa sababu ya aibu, hamwambii mtu.

Hofu hii hutoka wapi?

Kuogopa giza ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na wengi huacha wanapokua. Wengine hubaki nayo. Huenda walitishwa na hadithi za zimwi ili walale, walifungiwa gizani kama adhabu, au walipatwa na jambo baya usiku. Huu si ujinga wala si kurogwa.

Hofu hudumu kwa sababu tunaikimbia. Ukiwasha taa haraka, unapata nafuu papo hapo, na mwili unaamini kuwa taa ndiyo iliyokuokoa. Haupati nafasi ya kujionea kwamba hakukuwa na hatari.

Unachoweza kufanya

• Anza kidogo kidogo. Ukiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa, zima taa kwa dakika 2 huku tochi ikiwa karibu. Jaribu kungoja hofu ishuke kabla ya kuwasha. Rudia kila usiku na uongeze muda polepole.

• Pumua taratibu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta.

• Yape macho nafasi. Huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Kivuli kilichokutisha mwanzoni huenda ni koti lililotundikwa ukutani.

• Usilale ukiacha koroboi au mshumaa ukiwaka, kwani unaweza kuunguza nyumba. Taa ndogo ya sola ni salama zaidi.

Mazoezi haya ni ya nyumbani. Kujihadhari unapopita njia yenye giza nje ni busara, si ugonjwa.

Kwa wazazi

Usimcheke mtoto anayeogopa giza, na usimfungie ndani ili "azoee". Muulize anaogopa nini, kagueni chumba pamoja, kisha mpongeze kwa kila hatua. Ikiwa wewe pia unaogopa, kumbuka kwamba watoto hujifunza hofu kwa kututazama.

Utafute msaada lini?

Mwone mhudumu wa afya ikiwa hofu imedumu kwa miezi 6 au zaidi na inakunyima usingizi, au inavuruga kazi au masomo. Ikiwa ilianza baada ya kushambuliwa au kudhulumiwa, usijilazimishe mazoezi haya peke yako. Zungumza kwanza na mshauri. Mshauri atakusaidia kuikabili hofu hatua kwa hatua, na watu wengi hupata nafuu.

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au kituo cha afya kilicho karibu. Unaweza pia kupiga simu bila malipo: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa ushauri nasaha, au 116 kwa masuala ya watoto.

Ukimweleza mtu mmoja unayemwamini, utakuwa umeanza.