Leta, Wazazi na Eklezia: Nani Mwenye Kufundisha Watoto Juu ya Mwili Wao?

Wandugu mapadri, waseminari na makatekista, mara kwa mara wazazi wanatuuliza: «Leta ina haki gani ya kufundisha watoto wetu mambo ya mume na mke katika shule?» Wengine wetu wanajibu upesi: «Haina haki hata kidogo.» Wengine wanasema: «Ni kazi ya Leta, sisi tunyamaze.» Majibu yote mawili yanapotea njia. Tuangalie kwanza sheria, kiisha mafundisho ya Eklezia, na mwisho kazi yetu.

1. Sheria inasema nini?

Katika inchi yetu ya Kongo maneno ya jambo hili hayakuwekwa fasi moja. Yanapatikana katika sheria mbalimbali.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Lakini kifungu cha 41 kinawapa wazazi hao hao deni: kulinda watoto wao juu ya kila tendo la jeuri, ndani ya nyumba na inje. Mwenye kutaja haki ya 43 asisahau deni la 41.

Tena kuna sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya makosa ya kushika watu kwa nguvu, na ile ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda watoto. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtu anayelala naye anahesabiwa kuwa amembaka, hata akisema kwamba mtoto alikubali. Sheria ya 2009 inaweka kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Na ile ya 2006 inazidisha mara mbili adhabu ya chini kama mkosaji ni mwalimu wa mtoto, ao mtumishi wa dini aliyetumia vibaya cheo chake. Wandugu, hapo ni sisi tunaotajwa.

Juu ya shule zenyewe, mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 yaliweka mpaka: Eklezia inaongoza shule zake, lakini programu ya masomo inatoka kwa Leta. Katika programu hiyo kuna somo liitwalo Éducation à la vie, ndiyo kusema malezi kwa ajili ya maisha. Basi mwalimu wa shule ya Katolika hawezi kusema kwamba somo hili ni la wengine.

2. Eklezia inafundisha nini?

Katika mwaka 1929 Papa Pio XI alionya wale wanaofikiri kwamba kujua mambo ya mwili kunatosha kulinda vijana, pasipo neema ya Mungu na pasipo kujitawala. Katika mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulisema kwamba watoto wanapashwa kupewa malezi ya mambo haya kwa hekima, kadiri ya umri wao. Katika mwaka 1981 Papa Yoane Paulo II alieleza kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza, nayo shule inawasaidia chini ya uangalizi wao. Papa Fransisko alirudilia jambo hilo katika mwaka 2016, katika barua yake juu ya upendo wa jamaa.

Mtu anaweza kuuliza: je, Mtaguso ulimpinga Pio XI? Hapana. Yeye alikataza elimu isiyo na roho, hakusifu ujinga. Kanuni ni moja: mkubwa asimnyang’anye mdogo kazi anayoiweza, wala asimwache peke yake kazi ikimshinda.

Kwa kanuni hiyo tunapima kila fundisho linaloletwa. Mapatano ya Maputo, yaliyotangazwa katika gazeti la sheria la Leta katika mwaka 2018, yanalinda wasichana juu ya jeuri na usumbufu katika shule: tunayasifu. Lakini kifungu chake cha 14 kinaruhusu kutoa mimba katika hali fulani: Eklezia haiwezi kukubali. Kuchagua namna hii si kukataa somo lote.

3. Bogoro inatufundisha nini?

Tarehe 24 mwezi wa pili 2003 Bogoro ilishambuliwa. Wakaaji walikimbilia katika darasa za Institut de Bogoro, zilizokuwa kambi ya askari wa UPC, na wengine waliuawa humo. Wanawake walishikwa kwa nguvu, wengine wakatwaliwa watumwa. Baadaye wanawake wachache walishuhudia mambo hayo mbele ya tribinali ya La Haye. Katika mwaka 2014 waamuzi walisadiki kwamba matendo hayo yalifanyika, lakini hawakuona ushuhuda wa kutosha kwamba Germain Katanga alikuwa na sehemu katika makosa hayo. Alihukumiwa juu ya makosa mengine, kifungo cha miaka 12. Hivi amri ya malipo ya mwaka 2017, kwa watu 297, haikuhusu kosa la ubakaji.

Tufikiri basi: kama kusema ni kugumu hivi kwa mama mzima, mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha hata jina la kiungo chake atasema nini? Naye mwenye kumharibu anategemea kimya hicho. Tunajua ginsi mambo haya yanavyomalizwa vijijini: jamaa mbili zinakaa, mbuzi wanatolewa, ao binti anaozwa kwa yule aliyemharibu. Hakuna anayemwuliza mtoto. Sheria ya 2006 inaadhibu mzazi anayelazimisha ndoa namna hiyo. Na mbele ya Mungu mbuzi hawaponyi kidonda cha mtoto.

4. Kazi yetu

Kwanza, tuite wazazi mbele ya kufundisha watoto, tuwaonyeshe kitabu cha mwalimu, tuwasaidie kupata maneno ya heshima ya kusema nyumbani. Pili, mtoto ajue kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba anaweza kukataa hata mtu mwenye cheo. Tatu, mtoto akitueleza mabaya aliyotendewa, tumsikilize, apelekwe kwa muganga upesi, na jambo lifike kwa waamuzi. Tusiwe washahidi wa mapatano ya mbuzi, hata kama mkosaji ni mmoja wetu.

Usafi wa moyo ni fadhila. Kimya kinachomficha mwenye kuharibu mtoto si usafi. Wazazi wakituuliza tena nani mwenye kufundisha, tuwajibu: ninyi wa kwanza, na sisi pamoja nanyi.