Kamera Moja, Macho Manne: Somo la Picha Kericho

Chai sisi watu wa pwani tunaijua kwenye birika. Twaijua iliki yake, tangawizi yake, na mahamri yanayokaa ubavuni mwake. Mti wenyewe wengi wetu hatujauona, seuze mkono unaouchuma. Ndiyo sababu mimi na bibi yangu, tulipokwenda kumzuru kijana wetu anayefanya kazi Kericho, tulikubali kutoka asubuhi moja na mwalimu wa kupiga picha. Kamera ilikuwa moja, nasi tukajifunza kwa zamu.

Kericho imekaa juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ina ukungu, na alasiri mvua haikosi sana. Tulishika njia ya Bomet mara baada ya swala ya alfajiri, kwani mwalimu wetu, kijana wa Kikipsigisi, alituonya kuwa hapa karibu na ikweta jua hupanda wima, na ile nuru laini ya asubuhi haimalizi saa nzima.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: kamera ni chumba cha giza chenye tundu. Nilifurahi kulisikia, maana jambo hili lina wenyewe. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la mahali penye giza. Akifunika taa moja, alama yake hutoweka ndani, na za wenziwe hubaki. Hivyo alionyesha kuwa kila nuru hushika njia yake iliyonyooka. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini kikawa somo la wanachuoni wa Ulaya. Basi mzee wa pwani ashikapo kamera asidhani ameazima kitu cha watu.

Tundu kubwa, ndugu msomaji, huandikwa kwa namba ndogo, kama f/2.8, na tundu dogo kwa namba kubwa, kama f/16. La kwanza huuacha uso wazi na nyuma kukafifia. La pili huonyesha safu za chai mpaka kilimani. Kisha kuna muda. Mlango wa kamera ukifunguka kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde, mkono wa mchumaji huganda hewani; kwa sehemu 1 ya 15 mkono huo huwa kivuli kinachopita. Na kidole kikibonyeza, pumzi itulie. Sisi tuliopita chuoni tumezoea: msomaji hujua pa kuvuta pumzi na pa kuweka waqfu.

Fumbo kubwa lilikuwa buibui la bibi yangu. Kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivujivu. Ikiona ukungu mweupe huutia giza, na ikiona buibui jeusi hulififisha, uso ukapauka. Dawa yake ni kupima nuru ya uso wenyewe, si ya nguo wala ya mbingu.

Ndipo tukawafikia wachumaji, vikapu mgongoni, vidole vikikata majani mawili na chipukizi. Zamu ilikuwa ya bibi yangu. Aliishusha kamera.

"Bwana we," akaniambia, "mimi sipigwi picha na nisiyemjua. Na huyu je, hana mume, hana nyumba yake?"

Akaenda ukingoni mwa shamba akamwamkia mama mmoja, "Chamgei." Wakazungumza kwa Kiswahili. Mama yule alieleza kwamba hulipwa kwa kilo, na kila dakika ya kusimamia picha ni majani yasiyoingia kikapuni. Tungojee mizani. Na picha yake aipate mkononi, iliyochapwa kwenye karatasi, kwani amepigwa na wageni wengi wala hajaona hata moja.

Tulingoja. Alipopima, alisimama kando ya kikapu chake, akajifunga leso vizuri, akatazama kamera. Jioni ile tuliisafisha picha mjini Kericho, mwalimu akaichukua kumpelekea.

Picha hiyo nina sababu ya kuithamini. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilitiwa moto huko Kericho na watu waliohofia riziki zao, kwani mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi. Huenda wajukuu wa mama yule wakaihitaji picha ile ili waamini kwamba chai ilichumwa hivi. Na Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huihesabu sura ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Bibi yangu hakuisoma. Adabu ya nyumbani kwao ilimtosha.

Msomaji utakayefika huko na mwenzio, ondokeni mapema, chukueni mwavuli, na muwe na subira ya kungoja mizani. Shambani pia hupigwa hodi.