Upepo wa ghafla: sababu rubani anarudisha ndege juu wakati kiwanja kiko karibu

Huko Shabunda, Kivu Kusini, ambako barabara ya kutoka Bukavu imeharibika tangu miaka mingi, ndege ndogo ndizo zinaleta chumvi, sabuni, dawa na watu. Ikitokea ndege imekaribia kugusa chini, kisha ikanguruma na kupanda tena, wasafiri wanapiga kelele, wengine wanamlaumu rubani. Wanamlaumu bure.

Upepo unaovuma sawasawa, hata ukiwa na nguvu, rubani anaweza kuuzoea. Mbaya ni ule unaobadilika kila sekunde chache. Tuchukue Cessna Caravan, ndege ya injini moja. Inakuja kutua kwa mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa. Upepo wa mbele wa kilomita 40 ukipungua ghafla hadi 20, mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, na ndege inaporomoka ikiwa mita chache tu juu ya udongo. Ndiyo maana marubani wanachukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na ule wa ghafla, kisha wanaongeza nusu yake kwenye mwendo wao. Hapa ni kilomita 10 zaidi.

Lakini mwendo huo unadai kiwanja kirefu, na viwanja vingi vya ndani ni vifupi, vya udongo, vinateleza mvua ikinyesha. Hata Kavumu, penye lami, ni zaidi ya mita 1 700 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, ndege inatua mbio kuliko saa yake inavyoonyesha.

Upepo ukitoka kando, ndege inakuja pua ikiwa imegeukia upepo. Karibu na chini rubani anainyoosha, anainamisha bawa moja, na gurudumu la upande huo linagusa kwanza. Msafiri anadhani wanaanguka, kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Mawingu ya mvua ya mchana ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hewa baridi inashuka kutoka ndani ya wingu na kutawanyika chini pande zote, wakati mwingine kabla ya tone la kwanza. Ndege iliyocheleweshwa asubuhi na wenye mizigo inakutana nayo.

Rubani aliyepanda tena anaweza kuzunguka akingoja upepo utulie, ao kurudi alikotoka. Mafuta ya kurudi yanapaswa kuwa ndani tangu mwanzo, na hapo ndipo ugomvi unaanzia: uzito ambao ndege inaruhusiwa kubeba una mwisho, na kila gunia linaloongezwa linachukua nafasi ya mafuta hayo.